Historia ya ikoni: nani anapanga meza yako?

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi hulipita tu: mahali zinapokaa ikoni kwenye skrini ya tarakilishi yako. Wapo watakaosema hayo ni mapambo. Mimi kama mwandishi wa programu nasema ni suala la nani mwenye mashine.

Tuanze mwanzo. Mwaka wa 1975 David Canfield Smith aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Stanford kuhusu programu aliyoiita Pygmalion, na humo ndimo picha ndogo za kwenye skrini zilipoitwa ikoni. Baadaye alifanya kazi Xerox, ambayo mwaka wa 1981 ilitoa mashine ya Star. Wazo lilikuwa hili: karani amezoea meza yenye karatasi, folda na trei ya barua, basi skrini nayo iwe meza. Meza ya Star iligawanywa miraba ya inchi moja, 14 kwa upana na 11 kwenda chini, yaani nafasi 154. Uliweka ikoni katika mraba uupendao, mashine ikaiweka sawa katikati. Bei ilizidi dola 16,000, kwa hivyo ni wachache walioionja.

Mwaka wa 1984 ikaja Macintosh, na ikoni za Susan Kare za nukta 32 kwa 32. Watu husifu michoro, lakini mimi nasifu kitu kisichoonekana: mahali pa kila ikoni paliandikwa ndani ya diski yenyewe. Ukiipeleka diski kwenye Macintosh nyingine, ulikuta vitu palepale ulipoviacha.

Kwa watumiaji wa Windows, toleo la 3.0 la 1990 lilifungia ikoni za programu ndani ya madirisha ya Program Manager. Ni Windows 95 iliyoifanya skrini nzima kuwa meza. Lakini mahali pa ikoni ni namba mbili tu: umbali kutoka kushoto na kutoka juu. Mchezo ukishusha skrini kutoka 800 kwa 600 hadi 640 kwa 480, ikoni iliyokuwa kwenye 750 haina pa kukaa. Mfumo unaisukuma ndani, na ukimaliza kucheza unakuta mrundo. Ndiyo maana vikazuka vijiprogramu vya kuhifadhi mpangilio na kuurudisha.

Upande wa Linux, GNOME 3 ya Aprili 2011 ilikuja na meza tupu. Mwaka wa 2018, toleo la 3.28 liliondoa kabisa ikoni za mezani kutoka kwa programu yake ya faili, kwa sababu msimbo wake ulikuwa mzee na ulizuia kazi nyingine. Aliyezitaka alihitaji kiendelezi.

Nawaelewa. Msimbo usio na mtunzaji ni mzigo. Hata hivyo, mahali ni kumbukumbu. Mhasibu aliyeweka folda ya mishahara kona ya chini kulia hasomi tena jina lake, mkono unaenda wenyewe. Ukiihamisha, umeificha.

Kwa hivyo sisi tunaoandika programu tushike kanuni moja: siku ya kwanza panga utakavyo, lakini mtumiaji akishasogeza kitu, usikiguse. Nawe mtumiaji, zima ile nafasi ya kupanga kiotomatiki, kisha weka vitu unapovitaka. Meza ni yako.