Ukolezi

Mstari mwekundu wa vipimo vingi vya haraka vya malaria, vile vinavyotumika kwenye zahanati za Handeni na Korogwe, hutokana na chembe za dhahabu zenye upana wa makumi machache ya nanomita. Wingi wake ndani ya kimiminika ni ukolezi, kutoka kukolea: chai imekolea majani, mchuzi umekolea chumvi. Naling'ang'ania neno hili. “Mkusanyiko”, linalotumiwa pengine mahali pake, tuwaachie watu. Ili kuupima ukolezi, maabara hupitisha mwanga, wa urujuanimno au unaoonekana, ndani ya kimiminika na kusoma ufyonzaji wake. Ukolezi ukiwa maradufu, ufyonzaji nao huwa maradufu, mradi mchanganyiko si mzito mno. Chembe zikishikamana, wekundu hugeuka zambarau, na hesabu hiyo haiaminiki tena.