Kwa nini mama alianza chini

Wengi wetu tuliokulia Lewisham, Catford au Deptford tunaijua hii: mama au shangazi alikuwa nesi nyumbani, akafika Uingereza, akaanza kwa kuogesha wazee kwa mshahara mdogo. Kubeba boksi, kama Watanzania wanavyosema. Ukimuuliza kwa nini, anajibu kifupi tu: ndivyo ilivyokuwa. Lakini haikuwa bahati mbaya yake peke yake. Huo ulikuwa utaratibu, na una miaka yake.

Turudi 1948. NHS ilianza tarehe 5 Julai, na Hospitali ya Lewisham, iliyotokana na nyumba ya maskini ya karne ya 19, ikaingia ndani yake. Wauguzi hawakutosha. Kuanzia 1949 serikali ikatafuta wasichana kwenye makoloni, hasa ya Karibi. Huku walikuta ngazi mbili. Ukisoma miaka mitatu unapata SRN, nesi kamili. Ukisoma miwili unapata cheti kilichokuja kuitwa SEN, cha chini. Wengi walipelekwa huku kwa pili bila kuelezwa tofauti, na nchi nyingi walikotoka hazikukitambua. Yaani, ukirudi nyumbani huna kitu.

Mama zetu, waliokuja miaka ya 1990 mwishoni na 2000 mwanzoni, walikuwa tofauti: walishahitimu. Kenya ilikuwa na wauguzi wenye vyeti na serikali iliyobana ajira kwa masharti ya wakopeshaji. Uingereza ilitaka wafanye kwanza miezi kadhaa chini ya uangalizi ndipo wasajiliwe. Halafu mwaka 2001 ikatoka kanuni ya kuizuia NHS kuajiri kwa kampeni kutoka nchi maskini. Nia nzuri, sawa, lakini haikuzibana kampuni binafsi. Kwa hiyo mlango uliobaki wazi ulikuwa nyumba za wazee, na humo wengine walilipwa kama wahudumu huku ujuzi wao ukitumika bure.

Sasa je? Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuleta wauguzi wasio na ajira. Februari 2022 Mutahi Kagwe, waziri wa afya wa Kenya, akasema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu walipita. Watu waliosomea unesi kwa Kiingereza! Anayevuka hapo kwa kawaida huanza bendi 4 au chini yake, hadi apite mtihani wa vitendo, OSCE, na kupata namba ya NMC. Kisha bendi 5, mara nyingi sawa na aliyehitimu juzi, hata kama kwao alisimamia wadi nzima.

Linganisha na wewe msikilizaji wetu uliyesomea unesi hapa. Ukihama Leeds kuja kuanza kazi Lewisham, unahangaika na kodi ya nyumba, basi. Namba yako ya NMC unahama nayo. Mama alipohama, cheo chake kilibaki uwanja wa ndege.

Kwa hiyo usimuulize tena kwa nini alianza chini. Muulize alisomea chuo gani, mwaka gani, wadi ipi ilikuwa yake. Na kama cheti bado kipo ndani ya sanduku, kipige picha.