Majibu Mawili ya Ziwa Moja

Watu 48 upande mmoja, watu 82 upande wa pili. Tofauti ya namba hizi mbili ilikuwa miongoni mwa habari njema chache ambazo utafiti wa UKIMWI ulizipata Afrika katika miaka ya tisini.

Zilitoka vijijini mkoani Mwanza na kuchapishwa katika jarida la Lancet la Uingereza Agosti 1995. Watafiti walikuwa wamewafuatilia watu wazima kwa miaka miwili. Katika maeneo ambayo zahanati zake ziliimarishwa ili zitibu vizuri magonjwa ya zinaa, watu 48 kati ya 4,149 ambao mwanzoni hawakuwa na virusi walikutwa navyo mwishoni. Katika maeneo ya kulinganishia walikuwa 82 kati ya 4,400. Baada ya mahesabu ya kusawazisha tofauti za awali, maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 42. Chanjo haikuwepo, na dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijafika vijijini. Kilichokuwepo ni tiba ya kisonono na kaswende, kwenye zahanati ile ile ambayo mama alimpeleka mtoto kupimwa uzito.

Februari 1999, jarida lile lile likachapisha matokeo ya Rakai, nchini Uganda, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Huko nako magonjwa ya zinaa yalitibiwa, tena nyumba kwa nyumba. Maambukizi mapya ya virusi yalikuwa sawa kwa pande zote mbili: 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka.

Nasomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na darasani tafiti hizi mbili huja kama mechi: Mwanza moja, Rakai moja, mchezo ukaisha. Kadiri nilivyozisoma, ndivyo nilivyoona kwamba timu hizi hazikuwa zikicheza kwenye uwanja mmoja. Na katika kubishana nani kashinda, kuna kitu tulikiacha pale uwanjani.

Turudi nyuma kidogo. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania walionekana mwaka 1983 mkoani Kagera. Neno UKIMWI lilikuwa bado halijazaliwa. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la mavazi yaliyokuwa yakiletwa kwa magendo kutoka Uganda, kwa kuwa walioanza kuugua walihusishwa na biashara ile ya mpakani. Ng'ambo ya mpaka, Rakai, waliuita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Mwaka 1985 daktari wa Uganda, David Serwadda, na wenzake waliueleza ugonjwa huo katika Lancet. Kila upande ulikuwa na jina lake, lakini maiti zilizikwa kwa namna moja, na bibi na babu walibaki na wajukuu.

Mwishoni mwa muongo huo madaktari walikuwa wameona jambo: wenye magonjwa mengine ya zinaa walikutwa pia na virusi vya UKIMWI mara nyingi zaidi. Maelezo yake yaliingia akilini. Kidonda sehemu za siri ni mlango ulioachwa wazi. Hata pasipo na kidonda, uvimbe wa kisonono huzikusanya mahali pamoja chembe zile zile za kinga ambazo virusi huzishambulia. Lakini mtu anayepata kisonono kwa kawaida ni yule yule aliye kwenye hatari ya kupata virusi, kwa njia ile ile. Utajuaje kwamba kimoja kinasaidia kingine, na si kwamba vyote viwili vimepanda basi moja? Njia ni kutibu kimoja, kisha kuona kama kingine kitapungua.

Ndivyo ilivyofanyika Mwanza kuanzia mwaka 1991, kwa ushirikiano wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF, na Chuo cha Usafi na Tiba za Kitropiki cha London. Kwenye makala yao jina la kwanza ni Heiner Grosskurth, la pili ni Frank Mosha. Walichagua jamii 12, kila moja ikiwa na kituo cha afya na zahanati zinazokizunguka, wakazipanga jozi sita zinazofanana: visiwa kwa visiwa, mwambao kwa mwambao, vijiji vya barabarani kwa vya barabarani. Katika kila jozi, kura ikaamua nani aanze.

Huduma yenyewe haikuwa na makeke. Watumishi walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, kwa sababu zahanati haikuwa na maabara: mwanamume anayetokwa na usaha anapewa dawa za vyanzo vikuu vya usaha, mwenye kidonda anapewa dawa za vyanzo vikuu vya vidonda, siku hiyo hiyo. Dawa zililetwa kwa mpangilio maalumu ili rafu isibaki tupu. Wasimamizi walipita mara kwa mara. Wanakijiji walielezwa kwamba magonjwa haya yanatibika na kwamba mwenzi naye aje. Miaka miwili ilipokwisha, watu wa pande zote mbili walieleza tabia za kujamiiana ambazo hazikuonyesha mabadiliko ya maana. Hata hivyo, katika kila jozi kati ya zile sita, maambukizi mapya yalikuwa machache upande wenye huduma.

Mwaka 1997 wachumi wa afya wakapiga hesabu: kuepusha ambukizo moja kuligharimu takriban dola 218 za Marekani.

Hapa msomaji wa leo ana haki ya kusita. Wale 82 ni akina nani? Kwa hesabu ya juujuu, kama upande wao ungeambukizwa kwa kiwango cha wenzao, wangekuwa kama 51. Tofauti ni watu 30 hivi, na hao ni wale tu walioingia kwenye sampuli. Watetezi wa utafiti wana jibu, na si jibu dhaifu: hakuna aliyejua kama huduma ingepunguza virusi, hakuna kilichoondolewa kwenye zahanati za kulinganishia, na baada ya ufuatiliaji huduma ilipelekwa huko pia. Bila ulinganisho, leo tusingekuwa na la kusema. Nayakubali yote. Lakini kwamba kisonono kinapaswa kutibiwa halikuwa fumbo mwaka 1991. Jambo ambalo utafiti ulilichukulia kuwa hali ya kawaida, yaani zahanati isiyo na dawa ya kisonono, lilikuwa tayari ni uamuzi wa mtu fulani, mahali fulani, kuhusu bajeti.

Rakai waliuliza swali jingine. Maria Wawer, Nelson Sewankambo, Serwadda yule yule na wenzao hawakungoja mgonjwa aje kituoni. Magonjwa mengi ya zinaa hayana dalili, hasa kwa wanawake, kwa hiyo walikwenda nyumbani. Kila baada ya miezi 10 hivi, watu wazima wa jamii zilizochaguliwa walipewa dawa za kumeza papo hapo, awe na dalili au asiwe nazo: azithromaisini, siprofloksasini, metronidazoli. Jamii za kulinganishia zilipewa vitamini na dawa za minyoo. Kaswende ilipungua kiasi, trikomona ikapungua. Virusi havikusogea.

Waliokuwa wameipokea Mwanza kama ufunguo wa kila mlango sasa waliitazama kwa mashaka. Mwaka 2003 utafiti mwingine kutoka Masaka, jirani na Rakai, nao haukuona upungufu wa virusi. Hamu ya kutibu magonjwa ya zinaa kama kinga ya UKIMWI ikapoa.

Wanasayansi wa pande zote mbili waliendelea kuchambua, baadhi yao wakikaa pamoja na takwimu za pande zote. Walichokiona kinaeleweka hata kwa asiye mtaalamu. Tafiti zilipoanza, Mwanza ilikuwa na virusi kwa takriban asilimia 4 ya watu wazima, Rakai takriban 16. Mwanza moto ulikuwa ndio kwanza unashika, na mtu mwenye kisonono kisichotibiwa alikuwa mmoja wa wale wanaoupuliza. Rakai moto ulikuwa umeshaenea. Virusi vilikuwa vikipita kati ya mume na mke ambao huenda hawakuwa na kisonono kabisa, na watu wengi walikuwa wameshapunguza wapenzi baada ya miaka ya mazishi. Vidonda vingi vya Rakai vilitokana na malengelenge ya sehemu za siri, ambayo dawa zile haziyagusi. Isitoshe, kidonge cha kila miezi 10 kinakuacha peke yako miezi tisa. Zahanati iliyofunguliwa leo na kesho inakungoja.

Kuna tokeo la Rakai ambalo halikupewa nafasi kubwa kwenye ubishi ule. Miongoni mwa wajawazito waliopewa dawa, watoto waliozaliwa na uzito mdogo walipungua, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Ukisoma utafiti kwa swali moja tu, la virusi, unasema haukufaulu. Mama aliyetoka na mtoto mzima mgongoni asingeielewa sentensi hiyo.

Hicho ndicho tulichokiacha uwanjani. Mwanza ilionyesha kwamba zahanati ya kawaida, yenye mtumishi aliyefundishwa na dawa zisizokatika, inaweza kubadili mwendo wa janga likiwa bado changa. Tukaiweka kwenye mizani ya kinga ya UKIMWI peke yake, na ilipoonekana haifanyi kazi kila mahali, tukaisahau hata kwa yale ambayo hakuna aliyeyapinga. Mwongozo wa kutibu kwa dalili ulibaki ukutani. Mpangilio wa kuhakikisha rafu haibaki tupu haukuwa na mfadhili wa kuupigania.

Ziwa halikuacha kutoa majibu. Mwaka 2008 ilichapishwa kwamba kuwapa dawa ya malengelenge wanawake wanaofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni kaskazini magharibi mwa Tanzania hakukupunguza virusi. Kabla ya hapo, Desemba 2006, majaribio ya tohara ya wanaume huko Rakai na Kisumu yalisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi mno, maambukizi yakiwa yamepungua kwa karibu nusu. Na mwaka 2024, katika utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake vijana 2,134 walichomwa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka. Walioambukizwa walikuwa sifuri.

Sifuri ni namba ambayo Mwanza haikuiota. Nilipoisoma nilifurahi, kisha nikafikiria mahali ambapo sindano hiyo itachomwa. Kwa msichana wa kisiwani itakuwa zahanati, na atalazimika kurudi baada ya miezi sita, na ile nyingine, na ile nyingine. Kila mara lazima amkute mtumishi, na mtumishi lazima aikute sindano. Swali la nani atahakikisha hivyo, baada ya watafiti kufunga makabrasha na magari ya mradi kuondoka, liliulizwa kandokando ya Ziwa hilo mwaka 1991. Bado halijapata mtu wa kulijibu kwa bajeti.