Mirambo na Jina la Napoleon: Tamathali ya Usemi katika Historia ya Urambo

Kila lugha ina tamathali zake za usemi, na Kiingereza kimerithi nyingi kutoka kwa mabingwa wa balagha wa Wayunani na Warumi. Mojawapo ni taniaba, yaani kumwita mtu kwa jina la mwingine aliyekwisha kujulikana kwa sifa fulani. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi tamathali hii ilivyogusa historia ya Urambo.

Mtemi aliyeijenga Urambo alizaliwa yapata mwaka 1840. Mirambo lilikuwa jina lake la vita, nalo lamaanisha maiti. Hapo tayari pana tamathali: matokeo ya vita yamesimama mahali pa mpiganaji. Lakini jina hilo alipewa katika lugha ya watu wake, nao walijua maana yake.

Mwaka 1871 Mirambo alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya misafara iendayo Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliingia vitani upande wa Waarabu. Waliposhindwa, ilimlazimu kuzunguka kwa njia ya kusini. Katika maandishi yake ya wakati huo, Mirambo ni mnyang'anyi tu. Mwezi Aprili 1876 wawili hao walikutana, wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Stanley akamfananisha na Napoleon Bonaparte, na sifa hiyo imerudiwa na waandishi wengi baada yake.

Tamathali hiyo haikukosa ukweli. Mirambo alikwenda vitani kwa kasi, akaziunganisha temi ndogo ndogo chini ya mkono mmoja. Hata hivyo, ilificha mengi. Haikusema neno juu ya hongo na pembe za ndovu, vitu vilivyokuwa kiini cha ugomvi wake na Tabora. Wala juu ya rugaruga, vijana wa vita waliomfuata. Wala juu ya heshima ya utemi. Msomaji wa London alidhani amemfahamu Mirambo, kumbe alikuwa amemkumbuka Napoleon.

Tena, sifa ya kuazimwa hurudishwa upesi. Mwaka 1879 Mirambo alimpokea Ebenezer Southon, mmisionari na tabibu wa London Missionary Society. Lakini mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa huko Mpimbwe katika shambulio la majeshi ya Mirambo na washirika wake, na urafiki wa Waingereza ukapoa. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884 akiwa bado mtemi, tofauti na Napoleon aliyefia uhamishoni mwaka 1821.

Sisi tulio walimu wa Neno hatuwezi kuidharau taniaba. Yohana Mbatizaji aliitwa Eliya (Mathayo 11:14). Lakini wasikilizaji wale walimjua Eliya kama nabii wa kwao. Jina lile liliwaeleza kazi ya Yohana, halikumwondoa Yohana mwenyewe. Basi kipimo chetu na kiwe hicho. Tumfundishapo kijana wa Urambo kwamba Mirambo alikuwa "Napoleon", tunamfundisha pia, bila kukusudia, kwamba ukuu wa babu zake hauna budi kuthibitishwa kwa jina la Mfaransa. Tuanze na Mirambo mwenyewe, na njia yake, na watu wake. Mfano na uje baadaye, kama mtumishi wa ukweli.