Shirley Chisholm kabla ya 1972

Shirley Chisholm hutajwa zaidi kwa mwaka mmoja tu, 1972, alipokuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuomba kuteuliwa na chama kikubwa agombee urais wa Marekani. Anayeanzia hapo ameikuta safari katikati. Turudi nyuma, hadi Brooklyn.

Alizaliwa huko mwaka 1924. Baba yake alitoka Guyana, mama Barbados. Mama alishona nguo na kufanya kazi za ndani katika nyumba za watu, na ujira ulipobana watoto walipelekwa Barbados kulelewa na bibi. Shirley alirudi 1934, akasoma, akawa mwalimu wa watoto wadogo. Siasa aliianzia chini kabisa, kwenye vilabu vya mtaani vya chama cha Democratic, ambako wanawake waliandaa hafla za kuchangisha fedha na wanaume wakagawana vyeo.

Mwaka 1964 alichaguliwa kuingia Bunge la jimbo la New York, lililoko Albany, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwao. Miaka yake minne huko hupitwa haraka na wasimulizi, nami sielewi kwa nini, maana ndiko alikoonyesha alichotaka. Alipigania mpango wa SEEK, uliowafungulia vijana wa mitaa maskini mlango wa chuo kikuu. Akashughulikia pia bima ya ukosefu wa kazi kwa wafanyakazi wa ndani, watu wa kazi ile ile ya mama yake, ambao mwajiri aliweza kuwafukuza jioni na kesho yake wakakosa pa kushika.

Mwaka 1968 akawania kiti cha Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Mpinzani wake alikuwa James Farmer, shujaa wa haki za raia aliyejulikana nchi nzima, na kampeni yake ilinadi kwamba watu Weusi wanahitaji sauti ya mwanamume. Kosa kubwa! Katika eneo lile wanawake waliojiandikisha kupiga kura walikuwa wengi kuliko wanaume. Chisholm, ambaye katikati ya kampeni alifanyiwa upasuaji, alitoka kitandani akapita mitaani na gari la vipaza sauti, na kwa Wapuerto Riko akazungumza Kihispania. Alishinda, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza katika Kongresi.

Mbio za urais zilikuwa na fedha kidogo na dharau nyingi, hata kutoka kwa wanasiasa wanaume Weusi. Mei 1972 mpinzani wake katika mbio hizo, George Wallace, gavana wa Alabama aliyetetea ubaguzi wa rangi, alipigwa risasi. Chisholm alikwenda kumjulia hali hospitalini, na wafuasi wake wengi wakakasirika. Lakini baadaye, alipotaka wafanyakazi wa ndani waingizwe katika sheria ya kima cha chini cha mshahara, Wallace alimsaidia kupata kura za wabunge wa Kusini. Chisholm mwenyewe alisimulia hivyo. Sheria hiyo ilitiwa saini Aprili 1974.

Kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, Miami Beach, alipata kura 152 za wajumbe, na hizo ndizo zinazotajwa kila anapokumbukwa. Kwangu mimi, sheria ya 1974 ndiyo kazi yake kubwa, na aliianza Albany.