Nani Alitangulia, Mtaa au Mlio?

Tarehe 2 Julai 1860, Malkia Victoria alivuta uzi wa hariri katika uwanja wa wazi wa Wimbledon, kusini-magharibi mwa London. Uzi ulikuwa umefungwa kwenye kifyatulio cha bunduki aina ya Whitworth, na bunduki yenyewe ilikuwa imekazwa juu ya kiegemeo ili isitikisike. Risasi ilisafiri yadi 400 ikapiga karibu kabisa na kitovu cha shabaha. Ndivyo yalivyofunguliwa mashindano ya kwanza ya Chama cha Kitaifa cha Bunduki cha Uingereza, chama ambacho kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja.

Waingereza wa siku hizo walihofia kuvamiwa na Ufaransa ya Napoleon III. Maelfu ya raia wa kawaida walijiunga na vikosi vya kujitolea, na wakubwa walitaka raia hao wajue kulenga. Mlio wa bunduki ulikuwa na baraka za taifa, na malkia mwenyewe ndiye aliyeufungulia mlango.

Mashindano yalirudi Wimbledon kila mwaka hadi 1889. Katika miaka hiyo 30 mambo mawili yalikua kwa pamoja. Bunduki ziliongezewa nguvu, risasi zikawa zinafika mbali kuliko zamani. Na London ikatambaa kuelekea kusini kwa kufuata reli, nyumba zikaota palipokuwa na malisho. Miongoni mwa waliotaka mashindano yaondoke alikuwa Mtawala wa Cambridge, binamu yake malkia, aliyekuwa na ardhi jirani na uwanja. Ardhi ile ilifaa kujengwa, na nani anunue kiwanja mahali risasi zinapopotelea? Mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa Amiri Jeshi wa Uingereza. Mwaka 1890 chama kikahamia Bisley, katika jimbo la Surrey, ambako kipo hadi leo.

Nasomea historia, shahada ya uzamili, na rafiki zangu huniuliza kwa nini nahangaika na viwanja vya shabaha vya Wazungu wa karne ya 19. Jibu liko nyumbani. Mama alihamia pembezoni mwa Nairobi miaka michache iliyopita, katika mtaa wa nyumba za ghorofa zilizojengwa harakaharaka, na nyuma ya ukuta kuna uwanja wa watu binafsi wa mazoezi ya bastola. Mama ni muuguzi, na kwa miezi mingi amekuwa zamu ya usiku. Hurudi saa mbili asubuhi, hunywa chai, hulala. Saa nne milio inaanza. Inakuja mitatu, kimya, mmoja, kimya kirefu, halafu sita. Anasema kimya ndicho kinachomchosha, maana hulala huku akisubiri. Watoto wa jirani wamezoea, na hilo linamtisha zaidi. Siku mlio utakapotokea upande wetu wa ukuta, nani atainua kichwa?

Wakazi walipokutana na meneja wa uwanja, aliwapokea kwa adabu. Leseni zipo, alisema, ukuta upo, hakuna risasi iliyowahi kutoka. Kisha akatoa neno lililomaliza mkutano: "Lakini mama zangu, nyinyi mlitukuta hapa." Mzee mmoja akaitikia kwa methali, kwamba ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Watu wakacheka, wakatawanyika. Mimi nikabaki na lile neno. Mlitukuta.

Neno hilo lina historia ndefu mahakamani. Mwaka 1879 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Sturges dhidi ya Bridgman. Bridgman alikuwa mtengeneza peremende katika barabara ya Wigmore, London, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa akitwanga sukari na viungo kwa vinu viwili vikubwa. Jirani yake, daktari Sturges, alijenga chumba cha kupimia wagonjwa mwishoni mwa bustani yake, kikaegemea ukuta wa jiko lile. Sasa kila alipoweka sikio kifuani kwa mgonjwa alisikia vinu. Bridgman akajitetea: mimi nilikuwepo, yeye ndiye aliyejisogeza. Mahakama ikamkatalia. Ilisema miaka ile 20 haihesabiki, kwa sababu kabla ya chumba kile kujengwa kelele haikuwa imemkera mtu kiasi cha kumpa sababu ya kushtaki. Kutangulia peke yake si kinga.

Ningependa kuishia hapo na kumpelekea meneja nakala ya hukumu. Lakini hukumu hiyohiyo ina upande wa pili. Jaji Thesiger alieleza kwamba kitu kinachohesabika kuwa kero katika Belgrave Square, makazi ya matajiri, huenda kisiwe kero Bermondsey, mtaa wa viwanda vya ngozi. Yaani sheria inauliza kwanza uko mtaa gani, ndipo ipime sikio lako. Aliyekwisha kuzungukwa na makelele anatarajiwa kuvumilia zaidi. Kwa daktari wa Wimpole Street hilo halikuwa tatizo. Kwa wengine ni tatizo kubwa, kwa sababu maskini hachagui mtaa kwa kusikiliza utulivu wake. Huchagua kwa kodi ya nyumba, na kodi hushuka pale kelele inapopanda.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya 1936, kutoka Kent. Shamba moja lilifuga mbweha wa manyoya ya fedha na kuweka kibao chenye jina lake, Hollywood Silver Fox Farm. Jirani, Emmett, alitaka kuuza viwanja vya nyumba na akaona kibao kile kitamfukuzia wanunuzi. Mwenye shamba alipokataa kukiondoa, Emmett alimtuma mwanawe akafyatue bunduki kwenye mpaka, ndani ya ardhi yao, karibu na mabanda ya mbweha. Mbweha jike anayeshtuliwa msimu wa kuzaa anaweza kukataa dume, kuharibu mimba, hata kuua watoto wake. Utetezi ulikuwa kwamba mtu ana haki ya kupiga risasi kwenye ardhi yake mwenyewe. Jaji Macnaghten alikataa: nia ya kufanya kelele ni sehemu ya kero. Akatoa zuio, nalo halikufunga bunduki mwaka mzima. Lilifunga msimu wa kuzaa tu, kuanzia 1 Januari hadi 15 Juni.

Ng'ambo ya bahari, Marekani ilichukua njia nyingine. Kadiri vitongoji vya miji vilivyosambaa hadi kufikia viwanja vya zamani vya shabaha, kesi za kelele ziliongezeka, na wenye viwanja wakakimbilia mabunge ya majimbo. Michigan ilipitisha sheria yake mwaka 1989, ikavikinga dhidi ya kesi za kelele viwanja vinavyofuata taratibu za uendeshaji zilizokubalika. North Carolina ikafuata mwaka 1997, na majimbo mengi mengine yana sheria za aina hiyo. Jibu ambalo majaji wa London walilikataa mwaka 1879, kwamba aliyekuja baadaye anyamaze, wabunge walilifufua kwa kura.

Halafu kuna Chicago, ambako mgogoro uligeuka juu chini. Kwa miaka 28, tangu 1982, mji ule ulikuwa umewazuia raia wake wengi kumiliki bastola. Tarehe 28 Juni 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mstaafu mmoja wa Chicago aliyeitwa Otis McDonald, iliamua kwamba haki ya kikatiba ya kuwa na silaha inaibana miji na majimbo pia. Siku chache baadaye baraza la mji lilipitisha sheria mpya: anayetaka kibali cha bastola lazima apate saa nne za darasani na saa moja ya kupiga shabaha. Na sheria hiyohiyo ikapiga marufuku viwanja vya shabaha vya umma ndani ya mji. Soma tena uone. Lazima ufanye mazoezi, na hapa hakuna pa kuyafanyia. Nenda kwa majirani.

Mahakama ya rufaa ya mzunguko wa saba ililitupa katazo hilo mwaka 2011, katika kesi ya Ezell. Mji ukaruhusu viwanja, lakini katika maeneo ya viwanda tu, na mbali na nyumba, shule, bustani na nyumba za ibada. Kesi iliporudi mahakamani mwaka 2017, eneo lililobaki lilikuwa takriban asilimia 2.2 ya mji, na hakuna kiwanja hata kimoja kilichokuwa kimefunguliwa. Mji ulitaja hofu za wizi wa silaha, vumbi la risasi na moto. Majaji wakasema ushahidi hautoshi. Kila nikiisoma kesi hii naona swali la Wimbledon limerudi. Dola ikishaamua kwamba raia wajue kulenga, mlio lazima uangukie mahali fulani, na kila mwenye uwezo anausukumia kwa mwingine.

Kwetu, sheria mbili zinapishana njiani bila kusalimiana. Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, ilizaliwa mwaka 1954 katikati ya Hali ya Hatari, wakati hofu kuu ya wakoloni ilikuwa ni bunduki mikononi mwa Mwafrika. Mpaka leo shughuli yake kubwa ni nani amiliki, nani anyimwe. Kelele ziko kwingine, katika kanuni za mazingira za mwaka 2009. Na kelele hupimwa sana kwa wastani wa saa nyingi. Mlio wa bastola huweza kuzidi desibeli 140 kwa aliyeishika, lakini hudumu sehemu ndogo tu ya sekunde. Ukiutandaza juu ya mchana mzima unayeyuka kwenye karatasi. Kwenye usingizi wa mama hauyeyuki.

Tena, "mlitukuta" ni hoja ya anayeweza kuonyesha hati. Tangu uhuru wa 1963 jeshi la Uingereza limekuwa likifanya mazoezi kaskazini mwa Nairobi, pamoja na maeneo ya Dol Dol na Archer's Post, kwenye ardhi ambayo Wamaasai na Wasamburu walichungia mifugo kabla ya kuwepo ramani ya uwanja wowote. Wafugaji waliuawa na kulemazwa na mabomu yaliyoachwa bila kulipuka, wengi wakiwa watoto wachungaji. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa waathirika zaidi ya 200. Hawa hawakukuta uwanja. Uwanja ndio uliowakuta. Na bado, kabla ya fidia hiyo, kutangulia kwao hakukuwa kumewakinga.

Ndiyo maana barua ninayowaandikia wakazi wa mtaa wetu haibishani juu ya nani alifika kwanza. Hoja hiyo tukishindana nayo tutashindwa, na tukishinda haitatusaidia sana. Barua inaomba ratiba: uwanja usifyatue kabla ya saa nane mchana siku za kazi, na mapaa na kuta zake ziwekewe vifaa vya kumeza sauti. Mbweha wa Kent walipewa miezi mitano na nusu ya utulivu ili wazae salama. Sisi tunaomba saa nne za asubuhi, ili muuguzi alale.