Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers: Mwangwi wa magitaa ya Machakos

NI vigumu kusimulia historia ya muziki wa gitaa katika eneo la Machakos, iwe ni Katelembo karibu na mji au vijiji vilivyo chini ya mlima Kilimambogo, bila kulitaja jina la marehemu Kakai Kilonzo.

Mwimbaji na mpigaji gitaa huyo aliiongoza bendi ya Kilimambogo Brothers kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi kifo chake mwaka 1987. Alizaliwa mwaka 1954, na hivyo alifariki kabla ya kutimiza umri wa miaka 35. Hata hivyo, muda huo mfupi ulitosha kuifanya bendi yake kuwa miongoni mwa zilizojulikana zaidi nchini Kenya.

Bendi hiyo ilichukua jina la mlima ambao pia huitwa Ol Donyo Sabuk. Mlima huo wenye urefu wa mita 2,145 juu ya usawa wa bahari ulitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1967, na mbogo waliompa jina wangali wanapatikana humo. Mara nyingi lebo za santuri ziliandikwa 'Les Kilimambogo Brothers Band', kwa kuwa neno hilo la Kifaransa lilikuwa mtindo wa enzi hizo ulioletwa na wanamuziki wa Kongo. Bendi nyingine za Nairobi kama Les Mangelepa na Les Wanyika zilifanya vivyo hivyo.

Mdundo wa Kakai ulikuwa benga. Mtindo huu ulichipuka miongoni mwa Waluo wa eneo la Ziwa Victoria, ambako wapigaji walihamishia kwenye gitaa mbinu za nyatiti, chombo cha jadi cha nyuzi nane. Kufikia miaka ya 1970 benga ilikuwa imevuka mipaka ya kabila. Ilisikika Ukambani na Mlima Kenya, na hatimaye ikafika Zimbabwe, ambako iliitwa kanindo kutokana na jina la mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo.

Wakamba waliipokea na kuipa sura yao. Katika benga ya Ukambani, gitaa moja hushika nota za chini huku jingine likizungusha nota nyembamba za juu bila kukoma, na kujaza kila pengo linaloachwa na sauti ya mwimbaji. Besi huenda kwa kasi, na mwishoni waimbaji hunyamaza ili magitaa yatawale na wachezaji wafurahie.

Utaratibu huo uliafikiana na santuri za wakati huo. Wimbo mmoja uligawanywa sehemu mbili: kisa kilisimuliwa upande wa kwanza, na upande wa pili ukaachiwa ngoma. Santuri hizo ziliuzwa kwa wingi katika maduka ya barabara ya River Road jijini Nairobi, kitovu cha biashara ya muziki nchini.

Kilimambogo Brothers hawakuwa peke yao. Peter Mwambi aliongoza Kyanganga Boys, naye Dickson Mulwa akaongoza Ngoleni Brothers, na ushindani wa makundi hayo matatu ndio uliokuza benga ya Ukambani. Kilichomtofautisha Kakai ni lugha. Wakati wenzake waliegemea zaidi Kikamba, yeye alirekodi nyimbo nyingi kwa Kiswahili, vikiwemo vibao 'Mama Sofi' na 'Baba Mkwe'.

Uamuzi huo ulimpa wasikilizaji mbali na nyumbani. Wimbo wa Kikamba ulikuwa na nafasi yake katika matangazo ya lugha hiyo kwenye Sauti ya Kenya, lakini wa Kiswahili uliweza kuchezwa katika idhaa ya taifa na kueleweka Mombasa, Kisumu na hata ng'ambo ya mpaka, nchini Tanzania. Lafudhi na ladha ya Ukambani hazikupotea. Ziliongezewa tu masikio.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu kwa tasnia nzima. Amri ya kutotoka nje usiku iliyofuata jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 iliathiri kumbi za burudani. Kisha kanda za kaseti, ambazo zilikuwa rahisi kunakiliwa kiharamu, ziliua soko la santuri na kuwanyima watunzi jasho lao.

Baada ya Kakai kufariki, nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa barani Ulaya, na kuingia katika maktaba za wapenzi wa muziki wa Afrika. Mwaka 2008, shirika la Ketebul Music la Nairobi lilitoa mradi kuhusu historia ya benga, hatua iliyosaidia kizazi kipya kuujua mchango wa waasisi. Redio za Kikamba zilizozuka baada ya mawimbi kufunguliwa nazo zimeirejesha benga ya kale hewani.

Lakini urithi si kumbukumbu tu, ni mali pia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, utungo wa muziki hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Kwa hesabu hiyo, tungo za Kakai zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2037. Rekodi yenyewe huhesabiwa tofauti: miaka 50 tangu iliporekodiwa. Iliyonaswa mwaka 1977, kwa mfano, hukoma kulindwa mwishoni mwa 2027.

Hii ina maana kwamba muda wa warithi wa wanamuziki wa enzi hiyo kufaidika na kazi za wazee wao unazidi kuyoyoma. Wengi wa wanamuziki hao walirekodi kwa malipo kidogo bila kuweka nakala za mikataba. Kutambua ni nani alitunga, nani alipiga na nani anamiliki kanda asilia ni kazi inayopaswa kufanywa sasa, wakati mashahidi wa River Road ya miaka ya 1970 wangali hai.